Je, wajua kwa nini kisiwa cha Samsø kiliongeza mitambo 10 ya upepo ilhali umeme ulikuwa umeshatosha?

Samsø ni kisiwa kidogo cha Denmark: kilomita za mraba 114, watu takriban 4,000, na mashamba ya viazi vinavyosifika nchi nzima. Mwaka 2000 mitambo 11 ya upepo ilisimamishwa mashambani, kila mmoja wa megawati 1, na kwa hesabu ya mwaka umeme wa kisiwa kizima ukawa umepatikana. Miaka mitatu baadaye mingine 10, mikubwa zaidi, ilikuwa ikizunguka baharini upande wa kusini. Ya nini tena?

Turudi mwaka 1997. Serikali ya Denmark ilishindanisha maeneo matano: nani ana mpango wa kuaminika wa kujitegemea kwa nishati jadidifu ndani ya miaka 10, kwa kutumia teknolojia iliyopo tayari? Samsø wakashinda. Wakati huo umeme wao ulitoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, mwingi ukifuliwa kwa makaa ya mawe, na nyumba nyingi zilipashwa joto kwa mafuta. Kazi ya kwanza ikawa kuhesabu: tunatumia nishati kiasi gani, wapi, kwa shughuli ipi? Hesabu ikaangukia mafungu matatu: umeme, joto la nyumba na usafiri.

Usafiri ndio uliowashinda. Magari, matrekta na feri vilikuwa vikila petroli na dizeli, na miaka ile hapakuwa na mbadala wa maana. Basi wakakadiria nishati yote inayochomwa huko, wakajenga mitambo ya baharini ya kuzalisha kiasi cha kuifidia. Umeme wa ziada ukawa unapita kwenye kebo kwenda bara na kupunguza makaa yaliyokuwa yakichomwa huko. Hiyo ndiyo maana ya sifuri halisi: moshi bado upo, ila unaotoka umefidiwa na uliozuiwa. Wapo wanaoona huu ni ujanja wa mahesabu. Mimi naona ni uungwana wa kuandika deni lako na kulilipa, mradi usiache kulipunguza. Na hawakuacha, lengo lao sasa ni kuondokana kabisa na mafuta na gesi ya ardhini.

Joto la nyumba ndilo linalonivutia zaidi, maana halina maajabu yoyote. Ngano ikishavunwa, mabua hufungwa marobota makubwa ambayo hayainuliki bila trekta. Marobota hupelekwa kwenye kituo kilicho kando ya kijiji, yakachambuliwa na kuingizwa tanurini kidogo kidogo. Maji yaliyochemshwa hapo husafiri kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini hadi kila nyumba iliyojiunga, yanaacha joto lake, yanarudi kupashwa tena. Majivu hurudi shambani. Kijiji cha Nordby, kaskazini, kinatumia vipande vya mbao na paneli za jua. Nyumba zilizo mbali na mabomba zilijitafutia njia zake.

Lakini mpango unaweza kuwa mzuri na watu wakaukataa. Søren Hermansen, mtoto wa mkulima wa hapohapo na mwalimu, ndiye aliyepewa kazi ya kuzungumza na wenzake, kikao baada ya kikao. Mitambo 9 kati ya ile 11 ya nchi kavu ilimilikiwa na wakulima wenyewe na 2 na ushirika wa wanakijiji. Kati ya ile ya baharini, 5 ilinunuliwa na halmashauri. Mwenye hisa akisikia mtambo unavuma usiku, anajua kuna chake kinachoingia. Asiye na hisa husikia kelele tu.

Kwetu pia mlango huu umefunguliwa kisheria: Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Hesabu ya huku haitaanza na joto la nyumba wala feri. Itaanzia jikoni: gunia la mkaa limetoka msitu gani, limenunuliwa kwa bei gani, na linapikia siku ngapi.