Je, wajua? Kipimajoto cha paji la uso hakikupigi mionzi, na hakijui kama una Korona

Korona ilipothibitishwa nchini Tanzania Machi 2020, watu wa Kigoma walishakifahamu kile kifaa chenye umbo la bastola kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tangu Agosti 2018, na mwaka uliofuata ikafika Kivu Kusini, jimbo ambalo ufuko wake ni huu huu wa Ziwa Tanganyika. Mkoa wenye boti zinazokwenda na kurudi Kongo na Burundi haukuweza kukaa bila kupima wasafiri. Ila Korona ndiyo iliyokitoa kifaa hicho mipakani na kukileta kwenye kila mlango, iwe benki, stendi, stesheni ya reli au geti la shule. Hapo ndipo mabishano yalipokolea.

Kulikuwa na hofu. Ujumbe uliosambaa kwenye simu katika nchi nyingi ulidai kwamba kifaa kinapiga mionzi kichwani, kinaua chembe za ubongo, kinaharibu tezi iliyo ndani. Ndiyo sababu wengi wakawa wananyoosha mkono wapimwe kwenye kifundo badala ya usoni. Kulikuwa pia na imani ya kinyume chake, kwamba ukishasoma 36.5 huna ugonjwa, pita. Hofu si ya kweli, imani nayo si ya kweli, na zote mbili zinaondoka mtu akijua kifaa hufanya nini katika sekunde ile moja.

Kaa mbele ya jiko la mkaa uliokolea. Shavu linahisi joto ingawa hujaligusa jiko. Kinacholifikia ni mionzi ya infraredi, aina ya mwanga ambayo jicho halioni. Shavu halijatuma chochote kwenye mkaa, limepokea tu. Hata ukifumba macho utajua mkaa umewaka vizuri au unafifia. Sasa, kwenye upimaji wa homa, kipimajoto ndicho kinachokaa mahali pa shavu, na paji lako la uso ndilo mkaa. Anayetoa mionzi ni wewe.

Na unaitoa muda wote. Ngozi yenye nyuzi joto 34 hutoa takriban wati 0.05 kwa kila sentimita moja ya mraba, umelala au unatembea, upimwe usipimwe. Ukuta hutoa, mchanga wa ufukweni hutoa, dagaa walioanikwa hutoa. Kila kitu hutoa mionzi hiyo kulingana na joto lake, na hilo ndilo linalofanya upimaji uwezekane.

Ndani ya kifaa, nyuma ya kioo kidogo cha mbele, kuna kihisio kiitwacho themopaili. Hivi ni viungo vingi vidogo vya metali mbili tofauti. Upande mmoja wa viungo hivyo ukipata joto kuliko upande wa pili, huzaa volti ndogo sana. Upande wa mbele hupokea mionzi ya paji la uso, na upande wa nyuma hubaki na joto la kifaa chenyewe. Kipo kihisio cha pili kinachopima joto hilo la kifaa. Kisha chipu inajumlisha: kifaa kina nyuzi kadhaa, paji limekizidi kwa kiasi kadhaa, basi ngozi ina nyuzi hizi. Betri mbili ndogo, kama zile za rimoti, kazi yake ni kuendesha chipu, kioo cha namba na mlio. Hakuna sehemu ndani yake inayorusha mionzi kichwani mwa mtu.

Na ile nukta nyekundu? Vifaa vingine huwa nayo kweli. Hiyo ni leza ya kulengea, ya chini ya miliwati 1, na kazi yake ni kumwonyesha mpimaji anaelekeza wapi. Haipimi kitu wala haifiki ubongoni, ingawa haifai kuelekezwa jichoni. Lakini ukiiona hiyo nukta, uliza swali jingine. Mara nyingi ina maana kwamba kifaa ni cha mafundi, kile cha kupimia injini, bomba na nyaya za umeme, chenye uwezo wa kusoma hadi nyuzi mia tatu na zaidi. Kifaa cha namna hiyo hukosea kwa nyuzi 1.5 au 2. Kwa injini hilo halina shida. Kwa homa, nyuzi 1.5 ndiyo tofauti yote iliyopo kati ya mzima na mgonjwa. Cha hospitali kinatakiwa kisikosee zaidi ya nyuzi 0.2 au 0.3.

Kunyoosha mkono, basi, hakukumkinga mtu na chochote, na kuliharibu kipimo. Kifaa cha homa hakisomi joto la ndani ya mwili. Kinasoma ngozi ya paji, ambayo kwa mtu mzima wa afya huwa kwenye nyuzi 33 hadi 35 hivi, halafu chipu inaongeza kiasi kilichopangwa kiwandani ili namba inayotokea ifanane na ile ya kinywani au kwapani. Nyongeza hiyo imepangwa kwa ajili ya paji la uso, mahali ambapo damu hupita karibu na ngozi kwa wingi usiobadilika sana. Kifundo cha mkono hupoa na kupata joto haraka kufuatana na hewa, maji na kazi. Aliyetoka kunawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, kisha akapimwa hapo hapo kifundoni, alipimwa joto la maji.

Kuna namba moja inayofichua kosa hili bila mjadala. Mwili wa binadamu ukishuka chini ya nyuzi 35, huyo ni mgonjwa wa baridi kali: anatetemeka, anachanganyikiwa, anahitaji msaada wa haraka. Daftari la mlangoni likiwa na safu ndefu ya 33.8, 34.1, 34.4, na watu wenyewe wanatembea na kuzungumza vizuri, walioandikwa humo hawajapimwa homa. Kama ingekuwepo, isingeonekana.

Chukua abiria anayeshuka botini Kibirizi, mwalo wa mjini Kigoma, saa nane mchana. Amekaa juani safari nzima bila turubai, kitambaa kimefungwa kichwani, na ndoo ya mawese ameibeba mwenyewe kupanda kutoka mwaloni. Paji lake limepigwa na jua, kwa hiyo linatoa mionzi zaidi ya kawaida. Limelowa jasho, na jasho linapokauka huchukua joto la ngozi na kulishusha. Chini ya kitambaa pamebaki joto lililozuiwa. Akipimwa hapo hapo, namba inaweza kuwa 38.2 bila homa, au 35.6 akiwa na homa. Upande wa Manyovu, mpakani na Burundi, alfajiri yenye ukungu, kosa huelekea chini: paji limepoa kwa upepo wa milimani, na homa inajificha.

Dawa ya hayo ni kivuli na subira. Mpimwa akae mahali pasipo jua wala upepo kwa dakika 10 hadi 15. Avue kofia au asogeze ushungi juu kidogo, afute jasho na vumbi kwa kitambaa kikavu. Kifaa nacho kinahitaji muda wake. Kikitolewa ndani ya gari lililochomwa na jua kisha kikatumika papo hapo, ule upande wa nyuma wa kihisio bado unabadilika joto, na hesabu yote inapinda. Kiachwe kwenye eneo la kupimia dakika 10 hadi 30 kabla ya kazi. Vingi vimetengenezwa kwa mazingira ya nyuzi 16 hadi 40, na meza ya bati iliyo juani huvuka hapo kirahisi.

Umbali nao una hesabu. Vifaa vingi hutaka sentimita 3 hadi 5, vingine huruhusu hadi 15, na maelezo ya boksi ndiyo yanayoamua. Kioo cha mbele huona eneo linalotanuka kadiri unavyorudi nyuma. Mpimaji aliyenyoosha mkono kwa hofu ya kuambukizwa, akasimama umbali wa nusu mita, anapima paji pamoja na nywele na ukuta wa nyuma. Kioo kichafu hupunguza mionzi inayoingia, kwa hiyo hufutwa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, kisha kiachwe kikauke. Kitufe cha hali ya kipimo nacho ni mtego: kikiwekwa kwenye kupima vitu badala ya mwili, ile nyongeza ya kiwandani haifanyiki, na kila mtu anasoma 33. Na namba kama 98.6 isimtishe mtu: hiyo ni Farenhaiti, sawa na 37.

Sasa tuseme yote yamefanyika sawasawa, kifaa ni cha hospitali na namba ni ya kweli. Bado namba hiyo inajibu swali moja tu: je, ngozi hii ina joto la homa kwa sasa? Haijibu kama kuna kirusi.

Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Tanzania, aliyetangazwa tarehe 16 Machi 2020, aliwasili kutoka Ubelgiji kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kwa maelezo ya Wizara ya Afya, alikaguliwa uwanjani akaonekana hana homa, na alianza kujisikia vibaya akiwa hotelini. Waliokuwa zamu siku hiyo hawakuzembea. Korona ya wakati ule ilichukua wastani wa siku 5 tangu kuingia mwilini hadi dalili kuonekana, na iliweza kufika siku 14. Mtu huanza kuambukiza takriban siku mbili kabla hajajisikia kuumwa. Kwa siku hizo mbili paji lake ni la mtu mzima kabisa.

Hata dalili zikishaanza, homa si lazima iwepo. Madaktari wa China waliochapisha taarifa za wagonjwa 1,099 mwishoni mwa Februari 2020 waliona kwamba waliokuwa na homa walipopokelewa hospitalini walikuwa asilimia 43.8 tu, ni baadaye, wakiwa wamelazwa, ndipo idadi ilipopanda hadi asilimia 88.7. Hao ni watu waliougua kiasi cha kulazwa. Kwa wenye ugonjwa mwepesi, ambao ndio wanaoweza kupanda boti, ni haki kutegemea homa iwe adimu zaidi. Kisha ipo panadol: vidonge viwili hushusha homa ndani ya saa moja au chini yake, na nafuu hudumu saa 4 hadi 6.

Ebola ina tabia tofauti, na hapa watu wa ukanda wa ziwa walikuwa na sababu ya kukiamini kifaa. Mgonjwa wa Ebola haambukizi kabla ya dalili, kwa hiyo kumkamata mwenye homa ni kumkamata anayeambukiza. Kipimajoto kina maana zaidi hapo kuliko kwenye Korona. Hata hivyo siku za kujificha kwa Ebola ni 2 hadi 21, na msafiri mmoja aliondoka Liberia Septemba 2014 akiwa hana homa, akaugua siku chache baada ya kufika Marekani. Oktoba mwaka huo, mkurugenzi wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, Tom Frieden, alieleza kwamba katika miezi miwili abiria wapatao 36,000 walikuwa wamekaguliwa wakitoka nchi zenye mlipuko Afrika Magharibi. Waliozuiwa ni 77. Hakuna kati yao aliyejulikana kuwa na Ebola, na wengi walikutwa na malaria.

Malaria ndiyo inayoifanya hesabu ya Kigoma kuwa ngumu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Kigoma walikuwa na vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Fikiria meli ya abiria 600, kiasi cha MV Liemba ikijaa. Kwa mfano tu, tuseme 24 wana homa ya malaria, mafua au kidonda, na wanne wana Korona: wawili bado hawana dalili, mmoja anakohoa bila homa, mmoja ana homa. Kipimo kizuri kitawaweka pembeni labda 20 wa kundi la kwanza na yule mmoja wa Korona. Watu 21 wamezuiwa, mmoja tu ndiye aliyekuwa akitafutwa, na watatu wameshafika mtaa wa Mwanga mjini Kigoma wanatafuta bajaji.

Hiyo haina maana kifaa kitupwe. Huenda mwenye homa huahirisha safari akijua atapimwa, ingawa watu wa namna hiyo ni vigumu kuwahesabu. Pia meza ya kupimia ni mahali ambapo msafiri anasimama na kuulizwa. Maswali hayo yana uzito kuliko namba: umetoka wapi ndani ya siku 14 (kwa Ebola, 21), umemuuguza mtu au umezika, unakohoa, husikii harufu, umemeza dawa ya homa leo.

Atakayesoma 37.5 au zaidi akae kivulini dakika 10, apimwe tena, kisha athibitishwe kwa kipimajoto cha kwapani, cha kugusa. Homa ikiwa ipo kweli, kipimo cha haraka cha malaria hutumia tone la damu ya kidole na majibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Na hapa kuna kosa la mwisho la kuepuka: mstari wa malaria ukitokea, mtu hupewa dawa na kuruhusiwa moja kwa moja. Katika mkoa ambao wengi hubeba vimelea hivyo bila hata kuumwa, malaria kuonekana kwenye kipimo haiondoi Korona wala Ebola. Kama aliyoyajibu kuhusu safari yake yana shaka, sampuli ya pili ichukuliwe siku hiyo hiyo, naye akae peke yake mpaka majibu ya sampuli yarudi.