Uhandisi kemikali na utafiti wake wa leo: kutengeneza bila kuchoma

Uhandisi kemikali ni taaluma ya kugeuza malighafi kuwa bidhaa kwa kiwango cha kiwanda, kwa usalama na kwa gharama inayobebeka. Mkemia hugundua kwamba dutu mbili zikikutana katika hali fulani huzaa dutu ya tatu. Mhandisi kemikali huachiwa maswali yanayofuata: joto la mmenyuko huo litaondoka vipi, bidhaa itatenganishwaje na mabaki, mtambo utafanyaje kazi usiku na mchana bila kusimama, na uchafu utakwenda wapi.

Maswali hayo si madogo. Chukua chombo cha mmenyuko unaotoa joto, kisha uongeze urefu, upana na kimo chake mara mbili. Ujazo wake, na kwa hiyo joto linalozalishwa ndani, utakuwa mara 8 ya ule wa mwanzo, ilhali eneo la kuta zinazopitisha joto hilo kwenda nje litakuwa mara 4 tu. Mmenyuko uliotulia ndani ya chupa ya maabara unaweza kulipuka ndani ya tangi. Ndiyo sababu kazi hii ilihitaji watu wake. George E. Davis alianza kuifundisha Manchester mwishoni mwa miaka ya 1880, chuo cha MIT nchini Marekani kikaanzisha kozi yake mwaka 1888, na mwaka 1915 Arthur D. Little akaeleza kwamba mchakato wowote wa kikemikali unaweza kugawanywa katika hatua chache zinazojirudia, kama vile kusaga, kuchanganya, kupasha joto, kuchuja na kuyeyusha.

Hatua nyingi za aina hiyo zimetegemea moto kwa zaidi ya karne moja. Makaa, mafuta au gesi huchomwa, mvuke hupatikana, na mvuke huo huendesha kiwanda kizima. Ukipitia majarida ya taaluma hii leo utakutana na mada nyingi zinazoonekana kuwa mbalimbali, lakini sehemu kubwa yake inakimbizana na swali moja: bidhaa ambazo dunia imezizoea zitatengenezwaje bila kuchoma?

Pa kuanzia ni utenganishaji, ingawa watu wa nje ya fani huutaja mara chache. Mmenyuko hautoi bidhaa safi, hutoa mchanganyiko. Njia kuu ya kuuchambua ni ukenekaji, yaani kuchemsha mchanganyiko ili kile kinachochemka mapema kipande juu kama mvuke na kingine kibaki chini. Njia hiyo ni ya kuaminika, ila inakula nishati bila huruma. David Sholl na Ryan Lively, wahandisi kemikali wa Georgia Tech, waliandika mwaka 2016 katika jarida la Nature kwamba utenganishaji hutumia takriban asilimia 10 hadi 15 ya nishati yote ya dunia. Mfano mgumu ni propilini, malighafi ya plastiki nyingi. Huchemka kwenye nyuzi joto kama −48 za Selsiasi, na propani iliyochanganyika nayo kwenye −42. Kwa tofauti hiyo ndogo, mnara wa kuzitenga huwa na sahani zaidi ya 100 zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mvuke na kimiminika hupishana humo mara nyingi sana kabla ya propilini kuwa safi vya kutosha.

Watafiti wanataka kuzitenga molekuli hizo kwa umbo na ukubwa wake badala ya kuzichemsha. Kwamba jambo la namna hiyo linawezekana, maji ya bahari yameshatuonyesha. Karibu na mwaka 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza katika chuo cha UCLA utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Zamani kuondoa chumvi kulimaanisha kuchemsha bahari. Leo mitambo mizuri ya utando hutumia kilowati-saa 3 hadi 4 hivi kwa mita moja ya ujazo ya maji, na kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria za fizikia, pale nusu ya maji ya bahari inapogeuzwa kuwa maji safi, ni kama 1. Ni michakato michache ya viwandani iliyosogea karibu na kikomo chake kiasi hicho.

Kwa gesi na mafuta safari bado. Matumaini mengi yamewekwa kwenye nyenzo zinazojulikana kwa kifupisho cha MOF: fuwele zenye vinundu vya metali vilivyounganishwa na molekuli za kaboni, zilizojaa vitundu vya ukubwa unaoweza kupangwa. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025 kwa kazi hiyo. Gramu moja ya baadhi ya nyenzo hizi ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 5,000. Lakini kutengeneza gramu moja ni kemia. Kutengeneza tani 100 zisizoharibiwa na unyevu, kuzifinyanga kuwa punje zisizovunjika, kisha kuzijaza na kuzitoa gesi maelfu ya mara, hiyo ni kazi ya mhandisi. Kwa maoni yangu hapo ndipo utafiti wenye thamani zaidi ulipo, japo haupambi kurasa za mbele za majarida.

Eneo la pili ni amonia, msingi wa mbolea za naitrojeni. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na haidrojeni. Alwin Mittasch akapata kichocheo cha chuma, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kutumika, baada ya majaribio maelfu. Na Carl Bosch akajenga kiwanda kilichoanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mchakato huo unaendelea hadi leo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo wa angahewa zaidi ya 100, na dunia hupata kwa njia hiyo zaidi ya tani milioni 150 za amonia kila mwaka. Hewa ukaa nyingi inayotokana nao haitoki kwenye mmenyuko wenyewe. Hutoka kwenye haidrojeni, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa kuvunja gesi asilia au makaa ya mawe.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kurekebisha ni kupata haidrojeni kwa kuyapasua maji kwa umeme usiotokana na moto, na kuacha sehemu iliyobaki kama ilivyo. Njia ya pili ina tamaa zaidi: kutengeneza amonia moja kwa moja kwa umeme, katika joto la kawaida. Hapa fani ilipata somo gumu. Amonia iko kila mahali, hewani, kwenye pumzi za watu, kwenye vifaa vya maabara, na kiasi kilichodaiwa kuzalishwa katika majaribio mengi kilikuwa kidogo mno kiasi cha kushindwa kutofautishwa na uchafu huo. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilichapisha utaratibu mkali wa vipimo unaotumia isotopu ya naitrojeni 15. Jaribio likilishwa naitrojeni hiyo nzito, amonia halisi lazima nayo ibebe uzito huo. Njia inayotumia metali ya lithi kama mpatanishi ilistahimili kipimo hicho. Madai mengi mengine yalipungua nguvu. Naona kazi hiyo ya kusafisha vipimo ina uzito sawa na ugunduzi.

Umeme unaingia pia mahali ambapo joto haliepukiki. Tanuri zinazovunja haidrokaboni, yaani dutu za kaboni na haidrojeni zitokanazo na mafuta na gesi, kuwa ethilini, malighafi nyingine ya plastiki, hufikia nyuzi 850 hivi, na kwa desturi huwashwa kwa gesi. Mwaka 2024 kampuni za BASF, SABIC na Linde zilizindua huko Ludwigshafen, Ujerumani, tanuri za majaribio zinazopashwa joto kwa umeme.

Hewa ukaa yenyewe ni mada nzito. Katika moshi wa mtambo wa makaa ya mawe huwa kama asilimia 12 hadi 15, hivyo kuinasa kunawezekana kwa vimiminika vilivyojulikana tangu zamani, ingawa kuvichemsha ili viiachie ni gharama. Katika hewa ya kawaida ni takriban asilimia 0.04 tu, na kila tani inayonaswa hudai mamilioni ya mita za ujazo za hewa zipitishwe mtamboni. Kuigeuza kuwa mafuta au plastiki ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa nishati iliyotoka wakati wa kuchoma lazima irudishwe, pamoja na ziada ya upotevu. Shaba inaweza kuigeuza kwa umeme kuwa ethilini, na hilo limejulikana tangu miaka ya 1980, lakini sehemu kubwa ya hewa ukaa huishia kuwa kabonati, aina ya chumvi, badala ya bidhaa.

Viumbe hai hufanya kemia yao bila tanuri, na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mmenyuko ndani ya viumbe hao, vimekuwa eneo la utafiti kwa sababu hiyo hiyo. Frances Arnold, mhandisi kemikali, alipata Nobel mwaka 2018 kwa kuviboresha kwa mageuzi ya kuelekezwa, yaani kuvibadilisha kidogo kidogo na kuchagua vilivyo bora, tena na tena. Akili unde nayo inatumika kuchagua vichocheo vya kujaribu, ila inafundishwa kwa matokeo yaliyochapishwa, na majaribio yaliyoshindwa huchapishwa kwa nadra.

Msomaji anayetaka kupima habari yoyote ya uvumbuzi katika fani hii atafute kwanza idadi ya saa ambazo kifaa kilifanya kazi mfululizo, kisha mkondo wa umeme kwa kila sentimita ya mraba au kiasi cha bidhaa kwa kila kilo ya kichocheo. Kichocheo cha chuma cha viwanda vya amonia hudumu mtamboni miaka 10 na zaidi, ilhali vichocheo vingi vya umeme vinavyotangazwa hupimwa kwa saa au siku chache.