Anayecheka barazani naye huweza kuwa na sonona

Wengi hapa Mombasa huamini kwamba mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression), lazima aonekane: analia, amejifungia chumbani, kazini haendi. Anayevuka feri ya Likoni kila alfajiri na kucheka na wenzake barazani huhesabiwa mzima. Imani hiyo inaeleweka, maana tumezoea kupimana kwa macho.

Lakini hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona, sembuse macho. Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya upungufu wa damu au tatizo la tezi ya thairoidi iliyo shingoni, mambo ambayo nayo huchosha mwili. Kinachotegemewa ni maelezo ya mwenyewe. Mhudumu wa afya huuliza dalili 9 na kutafuta angalau 5 zilizodumu karibu kila siku kwa wiki 2, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa raha katika mambo aliyoyapenda. Mtu anaweza kuwa nazo na bado akafika kazini, kwa taabu asiyoiona mwingine.

Ukitaka kujua hali yako, andika kila jioni kwa siku 14: ulilala na kuamka saa ngapi, ulikula nini, nini kilikupa raha. Usingoje mwisho wa wiki, kwani siku moja mbaya huzifunika nyingine. Daftari hilo lipeleke kliniki.

Mwenzako muulize, "Usingizi unaupata siku hizi?" kisha nyamaza usikilize, kwani "Hujambo?" hujibiwa kwa adabu tu. Akitaja kutaka kufa, siku 14 hazingojwi: usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.