Kijiji kikiingizwa mjini, shamba linabaki la nani?

Maneno haya husikika kila mji unaposogeza mpaka: kijiji kikigeuka mtaa, ardhi yote ni ya serikali, na asiye na hati ataondolewa mikono mitupu. Sivyo.

Kwanza, ardhi yote ya Tanzania Bara, Kariakoo hadi Ngara, tayari ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwananchi ana haki ya kuimiliki na kuitumia, na haki hiyo haifutwi na mpaka mpya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa haki ya kimila, yaani umiliki wa ardhi kwa mila na desturi, hadhi sawa na haki inayotolewa na serikali kwa hati. Tangu 1994 Mahakama ya Rufani imeshaamua kuwa haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Serikali ikilihitaji shamba kwa barabara au shule, italitwaa kwa kulipa fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Malipo hucheleweshwa, ndiyo, na hapo ndipo hofu inapopata chakula.

Kinachobadilika ni msimamizi. Halmashauri ya kijiji huvunjika pamoja na mamlaka yake ya kugawa ardhi, na mwenyekiti wa mtaa harithi mamlaka hayo. Upimaji, mpango wa matumizi na kibali cha ujenzi vinahamia halmashauri ya mji.