Chimba kwanza, ushujaa utakuja

Kwenye kozi ya uongozi ninayofundisha jeshini, dai lilelile limerudi tena. Kijana kasimama wima, sauti imejaa: "Afande, kiongozi shujaa ni yule asiyejua woga." Nimelisikia kila mwaka, na kila mara roho inaniuma, kwa sababu anayeamini hivyo kesho atakabidhiwa platuni ya watoto wa watu.

Mwenye akili timamu huogopa risasi. Asiyeogopa hachimbi, hapangi zamu, hahesabu risasi zilizobaki. Huyo anaua askari wake.

Tarehe 27 Novemba 1950, katika Vita vya Korea, Kapteni William Barber wa Marine (askari wa majini) ya Marekani alipandisha kombania yake, watu 220, kwenye kilima kinacholinda njia ya mlimani ya Toktong, karibu na bwawa la Chosin, Korea Kaskazini. Vijana walikuwa hoi, ardhi imeganda, jembe linadunda. Kila mmoja anataka kulala. Barber akawaambia wachimbe kwanza, giza lisiwakute bila handaki. Usiku uleule Wachina, waliopigania upande wa Korea Kaskazini, wakawashukia kwa wingi, wakapigana muda wa saa 7 na kilima kikazingirwa. Bila yale mashimo, kombania ingekwisha kabla hakujapambazuka.

Kisha ikaja amri kwa redio: pigana urudi nyuma. Barber akaomba abaki, mradi ndege zimdondoshee mahitaji. Wengi husoma hapo wakaona ukaidi wa kishujaa. Soma tena! Wenzake wapatao 8,000 walikuwa wamekwama kijiji cha Yudam-ni, na barabara yao ya kutokea ilipita chini ya kilima kile. Majeruhi wake hawakuweza kutembea. Alipiga hesabu, akaona kuondoka kutagharimu roho nyingi zaidi. Alfajiri ya tarehe 29 alijeruhiwa vibaya mguuni. Akawa anabebwa kwa machela kupita mstari wa mbele, shimo kwa shimo. Siku 5, usiku 6. Walioweza kuondoka kwa miguu yao walikuwa 82.

Eti kiongozi hakiri udhaifu? Luteni Kanali Raymond Davis, aliyevuka milima usiku na batalioni yake kwenda kumwokoa Barber, alikuwa akijifunika turubai asome ramani na dira, akitoka amesahau alichosoma. Baridi ilikuwa imemlemaza akili. Akawa anawataka maofisa wake wahakiki kila anachoamua. Wote wawili walipewa Nishani ya Heshima, ya juu kabisa ya ushujaa Marekani.

Kurudi nyuma ni woga? Meja Jenerali Oliver Smith, kamanda wa divisheni yao ya Marine, alihimizwa akimbilie kaskazini, akaenda taratibu na kujenga uwanja wa ndege kwenye kambi yao ya Hagaru-ri. Mambo yalipoharibika, uwanja huo ulitoa majeruhi na walioungua kwa baridi zaidi ya 4,000, na divisheni ikashuka baharini ingali kikosi.

Na kusema kiongozi huzaliwa hivyo hakuna maana. Barber aliingia jeshini mwaka 1940 kama askari wa kawaida.

Nami nina langu, ambalo wanafunzi wamelichoka: miguu. Kule Chosin jasho liliganda ndani ya viatu, na soksi kavu ilitunzwa tumboni, chini ya shati. Kwa hiyo jioni ya mazoezi ofisa wangu hagusi chakula kabla hajapita na tochi, askari mmoja mmoja, kiatu kimevuliwa, akaangalia katikati ya vidole.