"Very" haiongezi moto

Wengi hudhani kwamba ukitaka kuonyesha kwa Kiingereza kuwa unaunga mkono jambo kwa moyo wote, unapachika tu "very" (sana) mbele ya kitenzi: "I very support this plan." Hapana, hiyo haisemwi. Kwenye barua rasmi andika "I strongly support this plan", au "wholeheartedly" ukitaka moyo usikike. Kwa rafiki, "I'm behind you all the way" (niko nawe mwanzo hadi mwisho) inatosha kabisa.

Wala neno kali zaidi si lazima liwe bora. "Staunch supporter" ni sifa ya mtu asiyeyumba. "Fanatical supporter" ni mtu aliyepitiliza, na nje ya michezo mara nyingi huwa lawama. "I'm all for it" (naliunga mkono kabisa) ni nyepesi zaidi, na aghalabu "but" (lakini) huifuata nyuma.