Ajaili haijafuta nyaraka

Vijana wetu wa Mbeya wanaojiandaa na mitihani ya vyeti vya Skramu, mojawapo ya taratibu za kufanya kazi kwa ajaili, wana msemo wao: "Sisi tunatumia ajaili, mambo ya nyaraka tulishaachana nayo." Nimeusikia tena majuzi Mwanjelwa, umetamkwa kwa kujiamini kabisa. Hapana jamani.

Ajaili ni namna ya kutengeneza programu kipande kwa kipande, kila kipande kimfikie mtumiaji mapema ili maoni yake yaongoze kinachofuata. Hapo hakuna mwenye ubishi.

Ubishi uko kwenye Ilani ya Ajaili. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, Marekani, wakaiandika ilani hiyo kwa jozi nne za mambo. Mojawapo ni kuthamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka za kila kitu. Wengi wakifika hapo wanafunga ukurasa. Chini yake kuna sentensi isemayo kwamba vya upande wa kulia wa kila jozi, kama hizo nyaraka, navyo vina thamani, ila vya kushoto, kama hiyo programu, vinathaminiwa zaidi. Mtu akikwambia anapenda ndizi kuliko wali wa Kyela, hajakutuma ukamwage mchele! Waliyoichoka ni ile tabia ya kuandika mamia ya kurasa za mahitaji kabla ya msimbo wowote, yaani maagizo yenyewe ya programu, mteja anabadili mawazo, na lile kabrasha halifunguliwi tena.

Mbozi niliwahi kuitwa kuangalia mfumo wa kupokea kahawa wa chama kimoja cha msingi. Stakabadhi zinatoka vizuri tu, ila kuna makato yanajitokeza kwa baadhi ya wakulima na hakuna anayejua yanakokotolewaje. Fundi aliyeutengeneza alishahamia Dodoma, simu hapokei. Pembeni ya kioo karani amebandika kipande cha boksi, kwa kalamu ya wino: "USIBONYEZE HIFADHI MARA MBILI." Mfumo mzima hauna nyaraka nyingine zaidi ya hiyo, tena imeandikwa na aliyeumizwa nao. Nilipouliza, nikaambiwa ulitengenezwa "kwa ajaili".

Tukirudi kwenye mtihani. Mwongozo wa Skramu wa 2020 haukupangii nyaraka za kuandika, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Unachodai ni timu iwe na vigezo vya kazi kuhesabiwa imekamilika. Kama vigezo vyenu vinasema maelekezo ya mtumiaji yaandikwe, kazi isiyo nayo haijaisha, hata kama msimbo wake unakimbia bila kosa.

Kwa hiyo ukikaa kwenye ule mtihani wa kwanza wa Scrum.org, taasisi inayotoa vyeti vya Skramu, maswali 80 kwa dakika 60, ukaona jibu linalodai timu ya ajaili haiandiki nyaraka, usilichague. Inaandika zile ambazo kuna mtu atazisoma, na inazisahihisha mfumo unapobadilika.